Kuanika au Kuanua: Asilimia ya Mvua Inasema Nini?

Mchumo wa karafuu Pemba hukutana na mvua za Vuli. Karafuu iliyochumwa mchana huchambuliwa usiku, makonyo yakawekwa upande wake, na asubuhi humwagwa juu ya jamvi ipigwe na jua. Jua likiwa zuri, siku nne au tano zinatosha: ukiibana kwa kidole inakuchoma, ukiivunja inalia. Mvua ikiikuta haijakauka sawasawa, huvimba, hupauka na kushika ukungu, na hata ikikauka tena baadaye inakuwa mpeta, yaani karafuu iliyoharibika. Mnunuzi akiitia mkononi tu ameshajua, na bei inashuka hapo hapo.

Msimu mmoja nilikuwa barazani kwa shangazi yangu, yeye anapindua karafuu kwa kiganja, mimi nimeshika simu. Akaniuliza simu inasemaje kuhusu mvua ya kesho.

"Arubaini, shangazi."

"Arubaini nini, mwanangu?"

Nasomesha hesabu skuli ya sekondari, na kila mwaka huwaambia wanafunzi kuwa asilimia isiyo na "ya nini" haijakamilika. Shangazi hakusoma hesabu zangu, lakini aliuliza lile swali ambalo wengi wetu hatuliulizi. Arubaini ya siku? Arubaini ya kisiwa? Au mvua itanyesha kwa nguvu ya arubaini, kama mtu anayefungua bomba nusu?

Tusidhani kwamba hili ni tatizo la watu wa shamba. Mwaka 2005 mtaalamu wa saikolojia Gerd Gigerenzer, aliyekuwa akifanya kazi Berlin, na wenzake walichapisha utafiti uliowauliza watu wa Amsterdam, Athens, Berlin, Milan na New York: utabiri ukisema kuna asilimia 30 ya mvua kesho, maana yake nini? Ni New York pekee ambako walio wengi walitoa jibu linalokubaliwa na wataalamu. Katika miji ya Ulaya wengi walidhani mvua itanyesha kwa asilimia 30 ya muda wa siku, au katika asilimia 30 ya eneo. Marekani walikuwa wakitangaziwa namba hizi nchi nzima tangu 1965, kwa hiyo watu walikua nazo. Hakuna anayezaliwa anajua kuzisoma, na mtangazaji anayetaja namba bila kueleza ni ya nini amempa msikilizaji fumbo.

Kwa kipimo cha Idara ya Hali ya Hewa ya Marekani, asilimia ya mvua ni uwezekano kwamba mahali fulani ndani ya eneo la utabiri, katika muda uliotajwa, patapata mvua isiyopungua sehemu moja ya mia ya inchi, yaani kama robo ya milimita. Kwa lugha ya jamvini: ungepata siku 10 zenye dalili sawa na za kesho, katika siku 4 jamvi lako lingelowa, na katika 6 lisingelowa. Namba haisemi mvua itanyesha kwa saa ngapi. Haisemi pia itanyesha kiasi gani. Robo ya milimita ni rasharasha ambayo inalowesha jamvi lakini haifiki kwenye mzizi wa muhogo. Siku ya asilimia 80 inaweza kuleta manyunyu ya dakika kumi, na siku ya asilimia 30 ikaleta mvua ya kumwaga inayobeba udongo wa barabara.

Suala la eneo ndilo linalochanganya zaidi, maana kweli eneo limo ndani ya hesabu. Mtabiri anaweza kuwa na yakini kabisa kwamba mvua itanyesha Pemba kesho, lakini wingu litagusa sehemu 4 kati ya 10 za kisiwa, na hajui zipi. Hapo aliye Wete ana asilimia 40, na aliye Mkoani vile vile. Siku nyingine mtabiri hana yakini kama mvua itakuja, ila anajua ikija itafunika kisiwa chote. Uwezekano wa kuja ni asilimia 40. Kwa mwenye jamvi namba ni ile ile, ingawa mbingu za siku hizo mbili hazifanani hata kidogo. Kwa sababu hiyo nazipenda taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, zinaposema "mvua katika maeneo machache na vipindi vya jua". Maneno hayo yanakueleza sura ya siku, jambo ambalo namba tupu kwenye simu haiwezi kulifanya. Anayesoma vyote viwili anajua zaidi ya anayesoma kimoja.

Namba yenyewe inapatikanaje? Wazo la kukiri kiasi cha yakini ni la zamani. Mwaka 1906, W. Ernest Cooke, mwanaastronomia wa serikali huko Australia Magharibi, aliandika kwamba utabiri ufuatane na alama ya kuonyesha mtabiri anauamini kiasi gani, kuanzia 1 hadi 5. Lakini hesabu ya leo imesimama juu ya jambo alilokutana nalo Edward Lorenz wa chuo cha MIT, Marekani, mwaka 1961. Alitaka kurudia hesabu ya hali ya hewa kwenye kompyuta yake. Mara ya kwanza namba mojawapo ilikuwa 0.506127, mara ya pili akaingiza 0.506 tu. Hali ya hewa ndani ya kompyuta ilianza kwa kufuata ile ya awali, kisha ikaachana nayo kabisa. Tofauti ndogo kuliko uwezo wa vipimo vyetu vingi ilitosha kugeuza siku ya jua kuwa ya mvua.

Kwa vile hakuna anayeweza kuipima anga yote bila kosa, wataalamu waliamua kulitumia kosa lenyewe. Kituo cha utabiri cha nchi za Ulaya, ECMWF, chenye makao yake Reading, Uingereza, kimekuwa kikifanya hivyo tangu 1992. Siku hizi kinaendesha utabiri mmoja wa msingi pamoja na mwingine 50, kila mmoja ukianzia na hali ya hewa iliyobadilishwa kidogo sana. Kama 20 kati ya 50 zinaonyesha mvua Pemba kesho mchana, hapo ndipo asilimia 40 inapoanzia, kabla ya kurekebishwa kwa kumbukumbu za siku zilizopita. Shangazi aliposema "Mwenye kujua ni Mungu", nilimjibu kwamba wenye mashine hizo nao wanakiri hawajui; ndiyo maana wanatoa asilimia badala ya kusema itanyesha au haitanyesha.

Hapa kwetu namba hizo zinabeba udhaifu wa ziada, na mtu anapaswa kuujua kabla hajaziamini. Mifumo ya dunia nzima huikata dunia katika miraba. Mmoja unaweza kuwa na upande wa kilomita 9, mwingine 13, na data nyingi zinazofika kwenye programu za simu ni za miraba ya kilomita 25 hivi. Upana wa Pemba ni kama kilomita 20 na kidogo. Mraba mmoja wa namna hiyo unameza kisiwa kutoka pwani hadi pwani na kuchukua kipande cha bahari juu yake. Na mvua ya Vuli mara nyingi ni ya wingu moja lililopandishwa na joto la mchana: Konde inalowa, Wete vumbi linatimka. Ulaya mvua nyingi huja na mfumo mpana wa mawingu unaoonekana siku kadhaa kabla ya kufika, na kazi ya mtabiri wa huko huwa nyepesi zaidi. Kwa hiyo programu ya simu iliyotengenezwa mbali, ambayo hakuna mtabiri wa hapa aliyeipitia, mimi huichukulia kama dalili tu, na taarifa ya TMA ndiyo naiweka mbele.

Watu wengi humhukumu mtabiri kwa siku moja. Kasema 30, ikanyesha, basi ni mwongo. Lakini aliyesema 30 alishakwambia kwamba katika siku 10 za namna hiyo, 3 zitanyesha; leo huenda ni mojawapo ya hizo 3. Anayeweza kukanushwa na siku moja ni aliyesema 0 au 100. Wengine wote wanahukumiwa kwa daftari. Wanafunzi wangu wa Kidato cha Pili hufanya hivyo: upande mmoja asilimia iliyotolewa jana yake, upande wa pili kama kipimo cha mvua cha skuli kimepata maji au hakikupata. Mwisho wa muhula tunakusanya siku zote za 20, kisha zote za 30, kisha zote za 60, tunaangalia ngapi zililowa. Siku zilizoandikwa 60 zikilowa kama 6 katika kila 10, mtabiri huyo ni mkweli hata kama alitulowesha. Ni zoezi la daftari na kalamu, na skuli yoyote inaweza kulifanya.

Sasa turudi kwenye karafuu, maana kuna mtego ambao sijauona ukielezwa popote, na unawagharimu watu. Karafuu haihitaji siku moja kavu. Inahitaji siku kama tano mfululizo. Tuseme simu inaonyesha asilimia 20 kwa kila siku kati ya hizo tano. Unaziangalia moja moja, kila moja inaonekana salama, unamwaga karafuu yote jamvini. Lakini uwezekano wa siku moja kuwa kavu ni 0.8, na wa zote tano ni 0.8 mara 0.8 mara 0.8 mara 0.8 mara 0.8, ambayo ni kama 0.33. Yaani uwezekano wa kulowa angalau mara moja kabla hujamaliza ni asilimia 67. Zikiwa ni siku za asilimia 10, bado uwezekano huo ni kama asilimia 41. Hesabu hii inachukulia kwamba siku hazifuatani tabia, na kwa kweli hufuatana: siku ya mvua huvuta nyingine, na ya jua vivyo hivyo, kwa hiyo hatari halisi huwa ndogo kiasi kuliko hiyo. Hata hivyo mwenye karafuu azitazame siku zote tano kwa pamoja, na turubai liwe karibu tangu siku ya kwanza.

Na aanue lini? Jibu halimo kwenye simu. Tuseme kuanua mchana, mvua ije isije, kunampotezea shilingi 5,000, ukihesabu jua lililopotea na nguvu za watu, na karafuu ikilowa anapoteza 50,000. Gawanya ya kwanza kwa ya pili: ni moja ya kumi. Basi kwake yeye asilimia yoyote inayozidi 10 ni sababu ya kuanua. Simu ikisema asilimia 30, yeye anaanua, na jirani yake anayetaka kumwaga mbegu ya mpunga anaitazama namba hiyo hiyo na kusubiri, kwa sababu kwake hasara ni mvua kutokuja. Wote wawili wako sahihi.

Kwa sababu hii sikubaliani na watangazaji wanaozipandisha namba makusudi. Marekani imeonekana kwamba baadhi ya utabiri wa kibiashara, mvua ikiwa na uwezekano mdogo sana, huongezwa kidogo, kwani watu hulalamika zaidi wakilowa bila kuonywa kuliko wakibeba mwavuli bure. Anayefanya hivyo ameniamulia mimi bila kujua jamvini kwangu kuna nini. Nipe namba ya kweli, uamuzi niachie.

Asilimia za msimu nazo zina kanuni yake. Tangu 1998 wataalamu wa nchi za Pembe ya Afrika na Afrika Mashariki hukutana kabla ya kila msimu wa mvua kuandaa utabiri wa pamoja, na siku hizi mikutano hiyo inaratibiwa na kituo cha ICPAC kilichoko Kenya, kinachohudumia nchi 11. Humo miaka iliyopita hupangwa kuanzia wenye mvua kidogo hadi wenye mvua nyingi, kisha hukatwa mafungu matatu sawa: chini ya wastani, wastani, juu ya wastani. Asiyejua lolote angelipa kila fungu asilimia 33. Kwa hiyo ukisikia Vuli ina asilimia 45 ya kuwa juu ya wastani, hiyo ni dalili ya maana, japokuwa mafungu mengine mawili kwa pamoja bado yana 55. Anayeidharau 45 kwa sababu haikufika nusu ameilinganisha na kitu kisichokuwepo.

Jambo la mwisho la kusoma kwa makini ni matangazo ya TMA ya hali mbaya ya hewa, yale ya angalizo na tahadhari. Yana mistari miwili: uwezekano wa kutokea, na kiwango cha athari. Kimbunga Hidaya kilipokuwa kinakuja Mei 2024 tuliisoma mistari hiyo siku baada ya siku, na kilipofika Mafia tarehe 4 kilikuwa kimeshapungua nguvu. Wapo waliosema tulitishwa bure. Lakini pale ambapo kinachoweza kupotea ni roho za watu, hata asilimia 5 ni nyingi, na mvuvi wa Kojani anayekilaza chombo chake kwa tangazo la uwezekano mdogo na athari kubwa amehesabu sawasawa, hata siku ambayo upepo haukuja.