Cherehani nyumbani: Jinsi ya kurekebisha nguo ikukae bila kumwendea fundi

KATIKA mji wa Garsen na vijiji vinavyouzunguka, Kaunti ya Tana River, wakazi wengi huvaa mitumba, leso na madera.

Nguo hizo aghalabu hazimkai mnunuzi sawasawa. Suruali ya mtumba iliyokatwa kwa vipimo vya mtu wa Ulaya huburura chini, blauzi huwa pana mabegani, nalo dera hutoka dukani likiwa saizi moja kwa wanene na wembamba.

Wengi humpelekea fundi wa barazani. Hata hivyo, marekebisho mengi ya aina hiyo yanaweza kufanywa nyumbani na mtu yeyote mwenye sindano, uzi, mkasi na subira. Akiwa na cherehani, kazi huwa nyepesi zaidi.

Ujuzi huu una uzito wa pekee katika eneo hili. Mto Tana ulifurika mwaka wa 1997 na 1998 wakati wa El Nino, ukafurika tena 2018, 2023 na 2024, na kila mara familia zilihamia nyanda za juu zikiwa na nguo chache tu. Kwa jamaa wa namna hiyo, kiraka kilichoshonwa vyema ndicho kinachoamua iwapo mtoto atarudi shuleni akiwa amesitirika.

Isitoshe, soko la mitumba lenyewe si la kutegemewa daima. Mwaka wa 2020 serikali ilipiga marufuku uagizaji wa mitumba kutokana na janga la corona, na marufuku hayo yakaondolewa miezi kadhaa baadaye. Wakati kama huo, nguo iliyomo sandukuni ndiyo iliyopo.

Pamba ilikuwa hapa

Tana River si ngeni kwa mambo ya nguo. Pamba ilikuzwa katika mpango wa unyunyizaji wa Hola, ulioanzishwa katika miaka ya 1950, na baadaye katika mpango wa Bura.

Mwaka wa 1989 mto ulibadilisha mkondo wake na kuuacha mpango wa Hola bila maji. Bura nayo ilikumbwa na matatizo ya pampu, na kilimo cha pamba kikadidimia. Katika miaka ya 1990, soko lilipofunguliwa kwa bidhaa za nje, viwanda vingi vya nguo nchini vilifungwa au vikapunguza kazi. Ndivyo eneo lililokuwa likivuna pamba lilivyojikuta likinunua nguo zilizokwisha kuvaliwa ng'ambo.

Shuleni pia sindano ilipoteza nafasi. Mfumo wa 8-4-4, ulioanza 1985, ulikuwa na somo la Sayansi Kimu lililowafunza wanafunzi kushona, lakini mtaala ulipopunguzwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, somo hilo halikutahiniwa tena katika shule za msingi.

Hata hivyo, sindano haikutoweka majumbani Pwani. Katika kaunti jirani ya Lamu, kofia za viua bado hudariziwa kwa mkono, kazi inayoweza kuchukua wiki nyingi kwa kofia moja.

Cherehani ipi?

Kwa anayeanza, cherehani ya miguu inatosha. Haihitaji umeme, hivyo hufanya kazi hata stima ikipotea au mahali ambapo haijafika. Vipuri vyake ni rahisi kupatikana na mafundi wengi wanaielewa.

Cherehani hufunga mshono kwa nyuzi mbili: mmoja hutoka juu kupitia tundu la sindano, na mwingine hutoka chini katika bobini. Nyuzi hizo hukutana katikati ya kitambaa. Vitanzi vikionekana upande wa chini, mara nyingi uzi wa juu umelegea au haukupitishwa njia yake. Vitanzi vikionekana juu, uzi wa juu umekazwa mno au ule wa bobini umelegea. Jaribu kwanza kwenye kitambaa chakavu kabla ya kuigusa nguo yenyewe.

Sindano nayo ina namba. Namba 11 hufaa leso na vitambaa vyepesi, namba 14 hufaa vitambaa vya wastani kama vya sare za shule, na namba 16 hufaa jinzi. Sindano butu au iliyopinda hurukia mishono na kutoboa kitambaa ovyo.

Usitie mafuta ya kupikia katika cherehani. Mafuta hayo huganda na kunasa vumbi. Tumia mafuta maalumu ya cherehani, futa vumbi mara kwa mara na uifunike baada ya kazi. Ikiingiwa na maji ya mafuriko, ioshe tope kwa maji safi, ikaushe upesi na kuitia mafuta kabla ya kutu kushika.

Kupunguza nguo hatua kwa hatua

Kwanza, fua nguo na uipige pasi. Kitambaa cha pamba husinyaa kikifuliwa, na ukikikata kabla ya kukifua, vipimo vyako vitaharibika.

Pili, ivae nguo ikiwa imegeuzwa ndani nje. Mwombe mtu mwingine abane kwa pini pale inapozidi, kisha uivue na kuchora mstari kwa chaki. Asiye na chaki anaweza kutumia kipande kikavu cha sabuni, kwani alama yake hutoka kwa kufua.

Tatu, piga bandi. Hii ni mishono mirefu ya muda inayoshonwa kwa mkono, tena kwa uzi wa rangi tofauti ili uonekane wakati wa kuufumua. Ijaribu nguo tena: keti, inama na uinue mikono. Ikibana, rekebisha sasa.

Nne, shona mshono wa kudumu. Mwanzoni na mwishoni, rudi nyuma mishono mitatu au minne ili uzi usifumuke.

Tano, ndipo ukate kilichozidi. Hapa ndipo wanagenzi wengi wanapoponzwa, kwa kutanguliza mkasi mbele ya sindano. Acha takriban sentimita moja na nusu nje ya mshono, kisha uzungushie ukingo uzi kwa mkono au kwa mshono wa zigizaga ili kitambaa kisichambuke.

Vipande vilivyokatwa usivitupe. Hutoa mifuko, viraka na vitanzi vya vifungo.

Leso mbili, vazi moja

Njia nyepesi ya kujifunza ni kushona vazi pana kutokana na jozi ya leso. Leso huwa na pindo, yaani mapambo yanayoizunguka. Mji, ambao ni sehemu ya katikati. Na jina, yaani maneno yaliyoandikwa upande wa chini.

Zifue leso zote mbili kwanza ili dawa ya kiwandani itoke. Zikabilishe, pande zenye rangi ya kung'aa zikitazamana, na uhakikishe kwamba jina liko chini kwa zote mbili. Ukikosea hapo, maneno ya mgongoni yatasomeka kichwa chini miguu juu.

Shona upande mrefu wa juu, ukiacha nafasi ya sentimita 30 katikati kwa ajili ya kichwa. Kisha shona kila ubavu kuanzia chini kwenda juu, ukiacha sentimita 25 za mkono. Kunja na kushona kingo za shingo na mikono, kisha ugeuze vazi. Pindo la leso lenyewe huwa pambo la chini, na joto la Garsen hupata pa kupitia.

Sare na viraka

Sare ya mtoto inayoshonwa au kununuliwa iwe ndefu kidogo, na upindo wa ndani uwe wa sentimita tano hadi saba. Mtoto akirefuka, fumua upindo, uteremshe na uushone upya. Mstari wa mkunjo wa zamani unaweza kufichwa kwa utepe au kwa mshono wa mapambo.

Kwa kiraka, kata kitambaa kinachozidi tundu kwa sentimita mbili kila upande. Kiwe na uzito sawa na nguo, kiwe kimekwisha kufuliwa, na nyuzi zake zielekee kama zile za nguo. Kiraka kipya na kigumu kikishonwa juu ya kitambaa kilichochakaa hukivuta na kukirarua pembeni.

Goti la suruali likianza kukonda, litie kiraka kwa ndani kabla halijatoboka. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na suruali ni vivyo hivyo.

Si kuwanyima mafundi

Kushona nyumbani hakuwanyimi mafundi riziki. Koti, suti au gauni la harusi bado huhitaji mkono uliozoea. Fundi pia ndiye mwalimu wa karibu zaidi, na vyuo vya ufundi nchini hufunza ushonaji kwa wanaotaka kuufanya kazi.

Anayeanza aanze na foronya, kisha vazi la leso, kisha kupunguza nguo yake mwenyewe, ndipo aguse nguo za watu. Wengine wataishia kushona sare za watoto wa majirani kwa malipo. Wengine hawatashona zaidi ya vifungo na pindo za nyumba yao, na hiyo pekee hubakiza fedha za daftari na unga.