Mbona Mtoto wa Kimbo Haamki?

Haya, sogeeni. Nawapa kisa cha mtoto mmoja wa Kimbo, hapa Ruiru. Jina silitaji, maana huenda ni wewe.

Ni saa nne usiku, mtoto amelala fofofo. Nje, Thika Road, ile iliyozinduliwa ikiwa pana mwaka wa 2012, haijalala hata kidogo. Malori yananguruma, matatu zinapiga honi, makanga anaita abiria wa mwisho wa Juja. Macho ya mtoto yana kope za kufunga, masikio hayana. Sauti zote zinaingia. Mbona haamki?

Ndani kabisa ya ubongo wake, juu ya shina la ubongo, kuna viungo pacha vyenye umbo la yai, kila kimoja urefu wa sentimita 3 hivi. Hiyo ndiyo thalamasi. Mnajua steji ya Kimbo: anayetoka Nairobi hushuka kwenye matatu, akachukua boda hadi Matangi. Thalamasi nayo ni steji. Habari za jicho hufika hapo, kisha hupelekwa kisogoni, kwenye sehemu ya ubongo inayoona. Za sikio huenda pembeni, karibu na masikio yenyewe. Za ngozi hupanda kuelekea utosini. Kila habari ina kona yake pale, wala hazigombanii abiria kama tunavyoona barabarani!

Usiku thalamasi hubadilisha kazi. Usingizi ukikolea, hupunguza kinachopita, na ile honi haifiki juu ikiwa na nguvu zake zote. Ila haifungi kabisa. Mwiteni mtoto kwa jina lake, hata kwa sauti ya chini, mtaona anavyogeuka.

Harufu ndiyo mkaidi. Yenyewe haianzii steji. Hutoka puani ikaenda moja kwa moja kwenye sehemu ya ubongo inayoitambua. Lakini msidhani njia hiyo ya mkato inawalinda mkiwa mmelala. Mtu aliye katika usingizi mzito mara nyingi haamshwi na harufu. Tena kaboni monoksaidi, gesi yenye sumu inayotoka kwenye jiko la makaa, haina harufu yoyote.

Kwa hiyo Julai, baridi ikikaza Ruiru, waambieni wazazi: jiko litoke nje kabla ya kulala, hata kama makaa yamefunikwa na jivu.