Dark Shadows: Kwa Nini Wahakiki Waligawanyika

Wengi wetu tuliohamia Marekani ukubwani tuliitazama Dark Shadows ya Tim Burton kama filamu nyingine tu ya Johnny Depp: mnyonya damu wa karne ya 18 anafukuliwa mwaka 1972, anakutana na lami, magari na muziki wa roki. Tukacheka, tukaenda zetu. Lakini mtajie jina hilo Mmarekani aliyekuwa mtoto miaka ya sitini, utaona anavyokunja uso.

Filamu hiyo imetokana na tamthilia ya televisheni ya jina hilohilo, iliyorushwa na ABC alasiri, siku tano kwa wiki, kuanzia 1966 hadi 1971, vipindi 1,225. Dan Curtis aliianza na yaya kijana katika jumba la matajiri huko Collinsport, mji wa kubuni jimboni Maine. Watazamaji hawakuvutika. Mwaka 1967 akamleta Barnabas Collins, mnyonya damu aliyeigizwa na Jonathan Frid, na watoto wakaanza kutoka shule mbio kuwahi televisheni. Fedha zilikuwa haba, kurekodi upya ni gharama, basi makosa yalikwenda hewani yalivyo: kuta za studio zinatikisika, maikrofoni inachungulia juu ya vichwa, Frid anasahau maneno. Mtazamaji alicheka, mwigizaji hakucheka kamwe. Barnabas alikuwa mtu wa majonzi, na mashabiki walimpendea hayohayo.

Ndiyo maana trela ya 2012, iliyojaa utani, iliwaudhi kabla hata filamu haijatoka. Wahakiki nao, wengi wao, hawakuridhika. Walisifu sura yake: mavazi ya Colleen Atwood, jumba lenyewe, na Eva Green, mchawi anayewafunika wenzake wote. Wakaulaumu mswada kwa kurukaruka kati ya mapenzi, vichekesho na vitisho, mpaka binti wa nyumba anageuka mbwamwitu karibu na mwisho bila matayarisho ya maana. Soko halikusaidia: filamu ya takribani dola milioni 150 ilitoka wiki moja tu baada ya The Avengers kuingia sinema za Marekani, na humo nchini haikufikisha hata milioni 80.

The Addams Family ya 1991, filamu nyingine yenye asili ya televisheni, haikupata taabu hiyo ya kugeuza majonzi kuwa utani. Familia ile ilizaliwa katika vibonzo vya Charles Addams, ikawa vichekesho kwenye televisheni, ikaenda sinema na kicheko chake kilekile.

Mimi siungi mkono wanaosema Burton alikosea kutia utani. Alikosea kuutia nusunusu. Tazama pale Barnabas anapoketi na mahipi kando ya moto. Anazungumza nao kwa upole kuhusu mapenzi, kisha anawaarifu kwa masikitiko ya dhati kwamba itambidi awaue wote. Na anawaua. Unacheka huku umeshtuka, na Depp hatabasamu hata kidogo. Filamu nzima ingekwenda hivyo, nadhani hata wale wazee wa alasiri wangesamehe.