Timu Inayojengwa Upya na Matumaini ya Wanaoisubiri

Usiku mmoja wa Jumamosi, katika msimu uliopita, tulikuwa tumekaa sebuleni mwa mmoja wetu hapa Mombasa, kahawa na kashata mezani, tukiitazama timu yetu ikishindwa. Saa saba ya usiku ilikuwa imekwisha kupita. Huko Kansas, katikati ya Marekani, jua lilikuwa bado halijatua. Kijana wa nyumba ile, aliyekuwa ameamka kunywa maji, alisimama mlangoni akatutazama sisi wazee watatu kwa huruma, kisha akauliza: "Ami, timu zinazoshinda ziko nyingi. Kwani hamuwezi kuchagua nyingine?"

Hatukumjibu vyema usiku ule. Mmoja wetu alicheka, wa pili akamwambia arudi kulala, na wa tatu akajimiminia kahawa. Lakini swali lile lilibaki nasi, kwani halikuwa swali la mchezo peke yake. Makala haya ndiyo jibu tulilopaswa kumpa.

Kwanza tueleze tulivyoipata timu hii, maana si ya kwetu kwa kuzaliwa. Mwaka 1988 tulikuwa wanafunzi katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Kansas, kilichoko katika mji mdogo uitwao Manhattan, ambao haufanani hata kidogo na ule mtaa wa majumba marefu wa New York wenye jina hilohilo. Chuo hicho kilianzishwa mwaka 1863 na kinasifika kwa mafunzo ya kilimo na elimu ya nafaka, na hayo ndiyo yaliyotupeleka huko. Tulipanga nyumba moja, tukagawana kodi ya nyumba na baridi. Jumamosi za msimu wa kupukutika majani, mji mzima ulikuwa ukienda uwanjani umevaa rangi ya zambarau, nasi tukafuata ili tusibaki peke yetu nyumbani.

Mchezo wenyewe huitwa mpira wa miguu na Wamarekani, ingawa mpira una umbo la yai na aghalabu huchukuliwa mikononi. Kila upande huwa na wachezaji 11. Timu yenye mpira hupewa nafasi nne za kusonga mbele yadi 10, ambazo ni kama mita tisa. Ikifaulu hupewa nafasi nne nyingine, isipofaulu huuachia upande wa pili. Kuuvusha mpira mstari wa mwisho huleta pointi sita. Anayeongoza mashambulizi huitwa kwotabeki: yeye ndiye hupokea mpira mwanzoni mwa kila jaribio, na yeye huamua aurushe, ampe mwenziwe, au akimbie nao mwenyewe. Wachezaji wa vyuo ni wanafunzi, na kila mmoja alipewa misimu minne ya kucheza. Kumbuka hesabu hiyo ya misimu minne, msomaji, kwa sababu jambo letu lote limo humo.

Timu tuliyoikuta, iitwayo Wildcats, ilikuwa imeanguka vibaya. Ushindi wake wa mwisho ulikuwa wa Oktoba 1986. Mwaka 1987 ilitoka sare mara moja na kushindwa mechi zote zilizobaki. Mwaka 1988, mwaka wetu wa kwanza, ilishindwa mechi zote 11. Ilikuwa timu ya kwanza katika daraja lake kufikisha mechi 500 za kushindwa tangu ianze kucheza. Jarida mashuhuri la michezo, Sports Illustrated, liliandika habari ndefu ya kuieleza nchi nzima kuwa hapakuwa na timu dhaifu kuishinda hiyo. Palikuwa na mazungumzo mazito kama chuo kiendelee kubaki katika ligi ya Big Eight, pamoja na majabari kama Nebraska na Oklahoma, au kijiondoe kwa heshima kidogo iliyosalia.

Mwisho wa Novemba 1988 chuo kilimwajiri Bill Snyder, mtu wa miaka 49 aliyekuwa msaidizi katika Chuo Kikuu cha Iowa na ambaye hakuwahi kuwa kocha mkuu wa timu ya chuo cha ngazi ile. Hakuwa msemaji wa kusisimua. Alijulikana kwa kufanya kazi tangu alfajiri hadi usiku wa manane na kwa kula mlo mmoja kwa siku ili asipoteze muda. Aliwawekea vijana wake malengo 16, na ndani ya malengo hayo mlikuwa na kujitolea, umoja, nidhamu ya nafsi, kutokata tamaa, na kuwa bora kila siku kuliko jana. Aliwatafuta wachezaji waliopuuzwa na vyuo vikubwa, wengi wao kutoka vyuo vidogo vya miaka miwili. Alikubali kupanga mechi za mwanzo wa msimu dhidi ya timu hafifu ili vijana waonje ushindi kabla ya kukutana na wakubwa. Wako waliomcheka kwa hilo. Lakini mtu aliyelala na njaa siku nyingi haanzi na biriani. Huanza na uji.

Msimu wa 1989 ulianza kwa kushindwa mara tatu mfululizo, na hesabu ya mechi bila ushindi ikafika 30. Tarehe 30 Septemba ikaja timu ya North Texas. Tulikuwa uwanjani. Muda ukimalizika, tukiwa nyuma, kwotabeki Carl Straw alimrushia mpira Frank Hernandez ndani ya mstari wa mwisho, na mechi ikaisha kwa 20 kwa 17. Watu walimiminika uwanjani wakaziangusha nguzo za goli. Tulimwona mzee mmoja aliyekaa mbele yetu akilia bila kujificha. Hatukumjua, naye hakutujua, lakini alitukumbatia sote watatu mmoja baada ya mwingine.

Ulikuwa ushindi mmoja tu. Timu ilimaliza msimu ule ikiwa imeshinda mara moja na kushindwa mara kumi. Atakayesoma takwimu ataona maafa. Sisi tuliokuwepo tuliona kitu kingine: mwezi Novemba vijana wale walikuwa wakifanya mambo ambayo mwezi Septemba hawakuyaweza. Mwaka uliofuata walishinda mara tano, na mwaka 1991 mara saba. Mwaka 1992 walirudi nyuma hadi tano, na hakuna aliyemfukuza kocha. Mwaka 1993 walishinda mara tisa, ukiwemo ushindi wa 52 kwa 17 dhidi ya Wyoming katika mechi ya heshima ya mwisho wa msimu, iitwayo Copper Bowl. Tangu hapo walialikwa katika mechi za namna hiyo miaka 11 mfululizo.

Wakati huo sisi tulikwisha kurudi nyumbani. Habari zilitufikia kwa barua na kwa magazeti yaliyochelewa majuma mawili. Mwaka 1998 timu ilishinda mechi zake zote 11 za kawaida na ikafika nafasi ya kwanza katika orodha ya makocha. Tarehe 5 Desemba, katika fainali ya ligi mjini St. Louis, iliingia robo ya mwisho ikiongoza Texas A&M kwa 27 kwa 12. Ikashindwa kwa 36 kwa 33 baada ya vipindi viwili vya nyongeza. Ingeshinda siku ile, ingecheza mechi ya ubingwa wa nchi nzima. Yapata miaka 30 imepita, na hadi leo mmoja wetu hataki fainali ile itajwe mbele yake.

Mwaka 2003 waliishinda Oklahoma 35 kwa 7, wakatwaa ubingwa wa ligi. Snyder akastaafu mwaka 2005, na uwanja ukapewa jina lake, lakini si lake peke yake: unaitwa Uwanja wa Familia ya Bill Snyder. Timu ikalegea tena. Mwaka 2009, akikaribia miaka 70, akaitwa arudi kuijenga upya kwa mara ya pili, naye akarudi. Alikaa hadi mwaka 2018, akaondoka akiwa na ushindi 215. Alikuwa na desturi ya kuandika barua kwa mkono wake, kwa wino wa zambarau, kuwapa pole wachezaji wa timu pinzani walioumia.

Sasa tufike katika matumaini yetu ya leo. Chris Klieman aliyemrithi Snyder alileta ubingwa wa ligi mwaka 2022, lakini msimu wa 2025 ulikwisha kwa kushinda mara sita na kushindwa mara sita, na mwezi Desemba akatangaza kustaafu. Nafasi yake akapewa Collin Klein, na hapo ndipo mioyo yetu ya uzee ilipodunda kama ya vijana.

Klein alijiunga na timu hii mwaka 2008, kijana kutoka jimbo la Colorado. Mwaka wake wa kwanza hakucheza kabisa. Mwaka wa pili waliobaki na nafasi ya kwotabeki walikuwa wengine, yeye akawekwa miongoni mwa wapokeaji wa mpira. Mwaka wa tatu akawa kwotabeki wa akiba. Mwaka wa nne ndipo akaanza kuongoza mashambulizi, na wa tano, 2012, akaifikisha timu katika nafasi ya kwanza ya orodha ya nchi nzima mwezi Novemba, ikapata ubingwa wa ligi pamoja na Oklahoma, naye akawa wa tatu katika kura za tuzo ya Heisman, ambayo hupewa mchezaji bora wa vyuo vyote. Jengo la namna hii lilianza na tofali ambalo kwa miaka mitatu hakuna aliyeliona.

Swali linalotunyima usingizi ni hili: je, kijana kama yule angesubiri leo? Kanuni zimebadilika. Tangu mwaka 2021 mchezaji anaweza kuhama chuo bila kukaa nje msimu mzima, na tangu 2024 anaweza kuhama zaidi ya mara moja ilimradi masomo yake yako sawa. Tangu Julai 2021 ameruhusiwa kulipwa kwa kutumika jina na sura yake, na tangu Julai 2025 vyuo vyenyewe vinaruhusiwa kuwalipa wachezaji, hadi kiasi cha dola milioni 20.5 kwa kila chuo katika mwaka wa kwanza. Anayewekwa benchi Septemba huweza kuwa amevaa rangi nyingine Januari.

Hatuwalaumu vijana. Kwa miaka mingi vyuo vilivuna mamilioni kutokana na jasho lao huku wenyewe wakipewa ada na malazi tu, na wengi walimaliza wakiwa na magoti yaliyoharibika na mikono mitupu. Ujira wa mtu ni haki yake. Tunachohofia ni kupotea kwa kitu kisichonunuliwa: ile miaka ambayo kijana hujengeka taratibu mahali pamoja, akionwa na watu walewale, hadi siku anapokuwa tayari. Timu inaweza kununuliwa kwa majira moja ya baridi. Kujengwa ni jambo jingine.

Kwa hiyo matumaini yetu si makubwa kama watu wanavyodhani. Hatuombi ubingwa wa nchi katika msimu wa kwanza wa Klein. Tunatumaini kwamba ifikapo Novemba timu itaweza yale isiyoyaweza Septemba. Tunatumaini kwamba kocha atapewa mwaka wake wa 1992, yaani mwaka wa kurudi nyuma, bila kutimuliwa. Na tunatumaini kwamba miongoni mwa vijana wanaoanza sasa, wapo hata watatu wanne watakaokuwepo bado katika mwaka wao wa nne, wakiwa wameubadili mji na mji umewabadili wao. Yeye aliyewahi kusubiri benchi huenda akawa na maneno ya kumwambia anayesubiri benchi. Hilo ndilo tegemeo letu.

Basi, kijana wetu, swali lako tumelisikia. Ni kweli, timu zinazoshinda ziko nyingi, na kuchagua mojawapo ni rahisi kama kubadili stesheni. Lakini mzee yule aliyetukumbatia mwaka 1989 hakulia kwa sababu ya pointi tatu za tofauti. Alilia kwa sababu alikuwepo mechi 30 zilizotangulia. Furaha ile haikuwa ya aliyefika siku ile. Sisi wageni tuliazimwa kidogo tu, na tumekuwa tukiilipa tangu hapo.

Msimu mpya ukianza, mwishoni mwa Agosti au mwanzoni mwa Septemba, sebule itakuwa wazi na kahawa itakuwa mezani. Mechi nyingine huanza saa nne na nusu usiku, nyingine saa tisa. Ukiamka kunywa maji, usisimame mlangoni. Keti.