Urukususu ndani ya sufuria ya Kichina
Mama karudi kutoka Guangzhou na vifurushi vya dawa ya mafua ya kuchemsha. Nikafungua kimoja: vijiti vya mdalasini, tangawizi, kunazi nyekundu, mizizi ya ua la peoni na urukususu. Nikacheka, nusu yake vimo jikoni kwetu! Wachina huvipanga kama serikali: mdalasini mfalme, peoni waziri, tangawizi na kunazi wasaidizi, urukususu msuluhishi wa wote. Ndiyo maana haukosekani katika michanganyiko yao mingi. Lakini msuluhishi huyo, ukimnywa siku nyingi, hupandisha presha na kushusha potasiamu mwilini. Na mama anameza vidonge vya presha. Vifurushi nimevifungia kabatini mpaka tumuone daktari. Bado amenuna.