Dawa ya moyo mezani, wala si mvinyo

BILA shaka umewahi kuambiwa kwamba glasi ya mvinyo mwekundu kila siku hulinda moyo. Huenda hata umeitumia habari hiyo kujitetea baa, daktari alipokuwa amekuonya kuhusu shinikizo la damu.

Habari hiyo ilitoka Ufaransa. Mwaka 1992, mtafiti Serge Renaud na mwenzake waliandika katika jarida la utabibu la The Lancet kwamba Wafaransa hula mafuta mengi ya wanyama, lakini vifo vya maradhi ya moyo kwao ni vichache kuliko katika nchi nyingine tajiri. Wakaona huenda siri ni mvinyo.

Lakini hebu keti na Wafaransa mezani, kisha ujionee kama hakuna jingine ila chupa.

Tuseme umealikwa na marafiki huko Paris. Wanakupeleka katika bistro, yaani mkahawa mdogo wa mtaani ambako mwenyewe anawajua wateja wake. Meza zimesongamana, na vyakula vya siku hiyo vimeandikwa kwa chaki ubaoni. Mkishaketi, mnaletewa mkate, na mkiomba, jagi la maji ya bomba bila malipo. Sheria ya nchi ndiyo inayotaka hivyo.

Kwanza kinakuja chakula cha kufungua tumbo, labda saladi ya kamande au supu ya vitunguu. Mnakula, mnazungumza, sahani zinaondolewa. Baadaye huja chakula chenyewe, kama vile samaki, au nyama ya ng'ombe iliyochemka polepole kwa saa kadhaa. Mwisho ni kipande cha jibini au kitu kitamu kidogo. Saa mbili zimepita, na hakuna aliyewaletea hesabu kabla hamjaiitisha.

Jambo la kwanza utakaloona ni udogo wa sahani. Mwaka 2003, Paul Rozin na wenzake walichapisha utafiti uliolinganisha mikahawa ya Paris na ya Philadelphia, Marekani. Chakula alichopewa mteja mmoja Paris kilikuwa na uzito wa gramu 277 kwa wastani. Philadelphia kilikuwa gramu 346.

La pili ni mwendo. Katika mikahawa ya McDonald's, ambako chakula ni cha haraka, watafiti hao waliona kwamba wateja wa Paris walikaa takriban dakika 22, na wa Philadelphia dakika 14. Tumbo huchukua kama dakika 20 kuuarifu ubongo kwamba limetosheka. Anayebugia chipsi kwa dakika tano humaliza sahani, akaongeza nyingine, kabla habari hiyo haijafika.

La tatu ni wenzako. Novemba 2010, kamati ya shirika la UNESCO ilikutana papa hapa Nairobi na kuuingiza mlo wa sherehe wa Wafaransa katika orodha ya turathi za wanadamu. Kilichoorodheshwa si pishi fulani, bali ile desturi ya watu kukusanyika, kula na kunywa kwa mpango na kufurahiana.

Na mvinyo je? Renaud alilinganisha mataifa, na mataifa hutofautiana kwa mengi zaidi ya kinywaji. Tangu mwaka 1988 pombe imo katika orodha ya vitu vinavyosababisha kansa. Mwezi Januari 2023, Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba hakuna kiasi cha pombe kisicho na hatari kwa afya. Wafaransa wenyewe, tangu 2017, hushauriwa na wataalamu wao wasizidishe glasi mbili kwa siku wala 10 kwa wiki, na wawe na siku za kutokunywa kabisa.

Wala usidhani chakula cha bistro ni dawa tupu. Siagi ni nyingi, na mkate na jibini vina chumvi. Mtu mzima anatakiwa kula chini ya gramu tano za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, ikiwemo ile iliyofichika ndani ya vyakula.

Kwa hivyo, mkitoka na marafiki, iwe ni Paris au Nairobi, agizeni maji kwanza. Kuleni pole pole. Akikataa mwenzako kunywa, msimshurutishe kwa kumwambia kwamba glasi moja haidhuru. Huenda anatumia insulini au tembe za kisukari, na pombe ikichanganyika na dawa hizo yaweza kuteremsha sukari mwilini hadi akazirai. Na kama wewe ndiwe mgonjwa, muulize daktari wako, usimuulize aliyeshika chupa.

Nyumbani pia mwaweza kufanya vivyo hivyo bila gharama. Zimeni televisheni, ketini pamoja, pakueni ugali kidogo na sukuma wiki kwa wingi, kisha mzungumze. Anayetaka nyongeza na angoje kwanza dakika chache.

Wahenga walisema shibe mwana malevya, njaa mwana malegeza. Meza njema ni ile unayoinuka ukiwa hujalegea wala hujalewa, nao marafiki wangali wanakutaka uketi.