Utafiti umechapishwa, jina la nani limeachwa nje?

Msomaji, ukipeleka majani chai kituoni hapa Chepseon, karani hupima gunia, akaandika kilo kwa nambari yako, nawe ukaondoka na risiti. Akiandika kilo zako kwa nambari ya jirani, hapatakalika! Katika utafiti wa tiba jambo kama hilo hutokea, na wengi hunyamaza.

Pengine wajiuliza lakuhusu nini. Mwaka 2003 wafanyakazi wa mashamba ya chai ya Kericho walianza kutoa damu kwa utafiti wa virusi vya Ukimwi. Huenda wewe au dada yako alikuwamo.

Tutazame kisa cha Nairobi. Katika miaka ya 1980 watafiti waligundua kwamba baadhi ya wanawake waliofanya biashara ya ngono mtaani Majengo hawakuambukizwa, ingawa walikutana na virusi hivyo mara nyingi. Kutokana na kinga yao, wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, wakiongozwa na marehemu Profesa Job Bwayo, walishirikiana na wenzao wa Oxford kutafuta chanjo. Mwaka 2000 ikabainika kuwa Waingereza walikuwa wameomba haki ya kumiliki uvumbuzi huo bila kuwataja Wakenya. Nairobi ililalamika, mapatano yakaandikwa upya, ikapata fungu lake. Chanjo yenyewe, iliyoanza kujaribiwa Nairobi mwaka 2001, haikufua dafu.

Kanuni za wahariri wa majarida ya tiba zasema mwandishi ni yule aliyechangia wazo, takwimu au uchambuzi, akashiriki kuandika, akaidhinisha nakala ya mwisho na kukubali kuwajibika. Kukusanya damu pekee hakutoshi. Hapo mtu hushukuriwa mwishoni. Lakini kanuni hizo zakataza pia kumnyima mtu nafasi ya kuandika, kisha kumwambia hakuandika. (Mkubwa wa idara ambaye hata hakufungua faili hastahili kutajwa kama mwandishi.) Mimi niliwahi kujaza fomu za wagonjwa kwa miezi mingi, makala ilipotoka, msaidizi wa maabara aliyetufanyia vipimo vyote hakupata hata neno la shukrani.

Jina lako wewe mgonjwa halitachapishwa, na ni vyema, kwani hiyo ni siri yako. Hata hivyo, kabla ya kutia sahihi au kidole gumba, uliza damu itawekwa wapi, matokeo yataletwa lini Chepseon, na ni Mkenya gani atakayeyaandika.